Safu ya Fizikia

Mimi si mshauri wa elimu, na kibao cha dukani kwangu hakijawahi kusema hivyo. Kinasema: kopi, kuchapa, laminesheni, picha za pasipoti, maombi ya vyuo. Hilo la mwisho nililiongeza kwa mkono miaka sita iliyopita, na ndilo lililokuja kuwa kubwa kuliko yote. Duka langu linatazamana na geti la hospitali, kushoto famasi, kulia banda la fundi anayeshona sare. Nusu ya wateja wangu ni wagonjwa wanaotaka kopi za kadi zao, na nusu ni watu wanaotaka kwenda kusomea namna ya kuwatibu. Wananiita Mama Kopi na nimeshazoea.

Maombi ya vyuo yana msimu wake. Matokeo yakitoka, wazazi wanamiminika, na kila mmoja anakuja na daktari mfukoni. Mtoto kapata D ya Kemia na F ya Baiolojia, lakini baba mtu amesimama pale kifua mbele: "Mama, tuandikie udaktari." Mimi simbembelezi mtu. Nafungua daftari, naweka kidole kwenye safu ya udaktari, nasoma: Fizikia, Kemia, Baiolojia, zote tatu, na kwa alama hizi hapa. Halafu kidole kinashuka. Famasia wanataka Kemia na Baiolojia, na Fizikia wanaweza kukusamehe ukiwa na Hisabati nzuri. Maabara vilevile, ila nafasi zao ni chache. Mionzi wanaing'ang'ania Fizikia kuliko hata madaktari wenyewe, maana mashine zile si za kuchezea. Lishe na afya ya mazingira wana huruma kidogo. Baba anashuka na mimi safu kwa safu, kifua kinarudi ndani pole pole, na mwisho tunafika mahali ambapo mtoto angepataja tangu mwanzo kama kuna mtu angemuuliza.

Daftari lenyewe ni kubwa, la jalada gumu. Ndani yake nimelinganisha vyuo vitatu ambavyo watu wa hapa huvikimbilia. Majina nimeyatunga mwenyewe: Chuo Kikongwe, Chuo cha Kilimani na Chuo Kipya. Kila mwaka unatoka mwongozo wa udahili, kurasa mia tatu na ushee, maandishi madogo kama mchanga. Nauchapa wote, nautia kwenye faili, kisha nakata kila kipande ninachokihitaji kwa mkasi na kukibandika kwa gundi juu ya kile cha mwaka uliopita. Kurasa nyingine za daftari zimekuwa nene kama mkate. Mtu akija na swali sihangaiki na faili. Nafungua daftari, na kwa dakika mbili nimemaliza naye. Manesi wa hospitali waliambiana wao kwa wao: usijisumbue na mtandao, nenda kwa Mama Kopi, daftari lake halikosei. Nami nikawa nawasikia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, methali hii niliijua tangu nikiwa darasa la tatu, na haikunisaidia kitu.

Nesi ninayetaka kusimulia habari zake nitamwita Sista, kwa sababu hospitali nzima ilimwita hivyo. Alifanya kazi wodi ya wazazi. Alikuja Jumanne moja asubuhi akitoka zamu, koti juu ya sare, mkononi bahasha ya plastiki aliyoibana kwapani kana kwamba ndani yake mna kitu cha wizi.

"Dada, nina mtu anataka kujiendeleza," akasema. "Ana diploma ya uuguzi, anataka digrii."

"Mtu gani?"

"Ndugu yangu mmoja hivi."

"Ana umri gani huyo ndugu yako?"

"Arobaini na nne."

"Na kazini ana miaka mingapi?"

"Ishirini na moja. Yote wodi ya wazazi."

Nikaitazama beji iliyokuwa kifuani mwake. "Huyo ndugu yako naye ametoka zamu ya usiku? Maana macho yake mekundu hayo nayaona."

Alicheka mpaka akaishika kaunta. Kisha akavuta kiti, kile kimoja cha wateja kilicho kando ya kompyuta, akaketi na kunieleza yote. Hospitali hutoa ruhusa moja ya masomo kwa kila wodi, kila mwaka. Mshahara unaendelea na kazi inakusubiri. Bila ruhusa hiyo, kwenda kusoma maana yake ni kuacha kazi. Manesi wa wodi hukaa wenyewe, wakakubaliana nani aende, na jina moja linapelekwa kwa metroni. Sharti ni kwamba siku masomo yanapoanza uwe hujatimiza miaka arobaini na tano. Sista angetimiza mwezi wa pili wa mwaka uliofuata.

"Miaka yote nimekuwa nawapisha," akasema. "Huyu ana mchumba, ana haraka. Huyu mama yake anaumwa. Huyu akikosa atahama. Mwaka huu nikawaambia, jamani, mwaka huu ni mimi, na hakuna hata mmoja aliyepinga. Nikikosa sasa, dada, ndiyo basi tena."

"Digrii ya nini kwa umri huo?" nikamuuliza. Ndivyo nilivyo, huuliza ambacho wengine wanakimeza.

Hakuudhika. "Nawafundisha wanafunzi wa udaktari kumpima mama njia. Wakishahitimu wananituma glavu. Hilo nimelizoea. Lakini kuna mambo nayafanya kwa mazoea tu, mkono unajua, kichwa hakijui. Nataka kujua sababu. Na nataka siku moja nikisema huyu mama apelekwe upasuaji sasa hivi, asiwepo wa kuniuliza wewe ni nani."

Nikafungua bahasha. Cheti cha kidato cha nne: Baiolojia C, Kemia D, Hisabati D, Fizikia F. Nikagonga kidole juu ya ile F.

"Mwalimu wa Fizikia alihamishwa tukiwa kidato cha pili, hakuja mwingine," akasema. "Siku ya mtihani wa vitendo tulipewa nyaya na betri. Nikazipanga vizuri mezani, nikapangusa meza, nikatoka."

Tukaanza kulinganisha. Chuo Kipya hakikudai Fizikia wala nini, lakini programu yao ya uuguzi ilikuwa haijatambuliwa na baraza la wauguzi. Ungesoma miaka yote hiyo ukatoka na cheti cha kupamba sebule. Chuo cha Kilimani nacho hakikudai Fizikia, ila kilitaka wastani wa diploma usiopungua tatu kamili, na Sista alikuwa na mbili nukta nane. Akaniuliza kama mbili nukta nane hawawezi kuihesabu kama tatu. Nikamwambia hao hata mbili nukta tisa wameirudisha mlangoni.

Kikabaki Chuo Kikongwe. Wastani mbili nukta saba, anapita. Leseni hai, anayo. Uzoefu wa kazi miaka miwili, anao wa kuwagawia wenzake. Kidole kikafika safu ya Fizikia. Imeandikwa: angalau D.

"Hupiti," nikamwambia.

"Popote?"

"Popote."

"Na nikirudia mtihani wa Fizikia?"

"Mtihani ni mwisho wa mwaka. Matokeo yanatoka mwakani."

"Mwakani," akarudia. Akaanza kupanga vyeti vyake ndani ya bahasha, kimoja kimoja, akihakikisha pembe hazikunjiki. "Haya. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Asante, dada."

Sikumpa pole. Pole haijazi fomu, ndivyo nilivyokuwa nasema siku hizo. Alipotoka, palikuwa na mtu anayesubiri kopi za hati ya kiwanja, nikamhudumia.

Wiki tatu baadaye, Alhamisi, saa nne asubuhi, Sista alirudi akiwa na nesi mwingine, msichana mdogo wa umbo, mwepesi, ambaye wodini walimwita Kiroboto kwa jinsi alivyokuwa akiruka kutoka kitanda hiki hadi kile. Alikuwa na miaka ishirini na sita na miaka minne kazini. Aliingia dukani akitabasamu hata kabla ya kunisalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini cha kuchekelea?"

"Naenda chuo!"

Sista akaketi juu ya katoni za karatasi karibu na mlango, akanieleza. Ruhusa ya wodi isingeachwa ipotee bure. Amewaambia wenzake aende huyu. Kiroboto alikuwa na kila kinachotakiwa, hata hiyo Fizikia, D moja safi. Nichape barua ya kwenda kwa metroni, inatakiwa ifike kabla ya saa tisa mchana, na nimjazie fomu ya Chuo Kikongwe, kwani dirisha la maombi ya walio kazini lilikuwa linafungwa kesho yake.

Nikachapa barua. Sista alinisomea maneno kama mtu aliyekwisha kuyafanyia mazoezi: sisi wauguzi wa wodi ya wazazi tumekubaliana kwa kauli moja. Kiroboto kwenye kiti alikuwa hatulii. Alinihadithia kwamba mama yake amewaambia majirani wote na wengine wasio majirani, na kwamba baba yake, ambaye huwa hasemi, alisema "vizuri" mara mbili.

Kisha tukaingia kwenye fomu. Ukurasa wa kwanza majina, wa pili vyeti. Ukurasa wa tatu ukauliza: *Je, mwombaji ana leseni hai ya uuguzi na uzoefu wa kazi wa miaka kumi au zaidi? Kama NDIYO, asijaze sehemu ya Fizikia.*

"Mimi nina minne, weka hapana," Kiroboto akasema.

Nikaweka hapana. Chini yake kikafunguka kisanduku cha Fizikia. Nikaifuta, nikaweka ndiyo. Kisanduku kikafungika, kikatoweka kabisa, kana kwamba somo hilo halijawahi kuwapo duniani. Nikarudisha hapana.

"Vipi, mama?"

"Mtandao unasumbua."

Mtandao haukuwa unasumbua. Niliinama chini ya kaunta nikatoa faili la mwongozo wa mwaka huo na kutafuta ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Kurasa nyingine zote za Chuo Kikongwe zilikuwa na madirisha ya mkasi wangu. Ule wa uuguzi ulikuwa mzima. Na sharti lilikuwa pale, lina nyota pembeni kuonyesha kwamba ni jipya mwaka huo: mwenye leseni hai na miaka kumi ya kazi hadaiwi Fizikia. Nikakumbuka. Siku nilipokuwa nabandika, gundi ilikuwa inaelekea kwisha, zimebaki kurasa chache, na nikajisemea: hawa wa uuguzi Kikongwe hawajagusa kitu miaka mitano, wataanzia leo? Nikafunga daftari nikaenda kupumzika.

Nitasema ukweli, wazo la kwanza halikuwa kumwambia. Barua ilikuwa imeshachapwa. Binti alikuwa na furaha. Sista alikuwa ameshakubali, ameshazoea, na mtu akishazoea jambo kwa nini umfukue? Hakuna mtu hospitalini ambaye angefungua ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Dirisha likifungwa kesho, kosa langu lingefungwa nalo, na mimi ningebaki na jina langu.

Nikarudi kwenye fomu. Nikaanza kuandika alama za Kiroboto.

"Hapo penye Fizikia iandike D yake vizuri, dada," Sista akasema kutoka kwenye katoni, "isije ikasomeka F. Mimi F nazijua." Akacheka.

Hicho kicheko ndicho kilichonishinda. Hakikuwa na uchungu ndani yake. Alikuwa ananichekesha mimi, ananifariji mimi niliyemwambia hupiti. Nikakishika kioo cha kompyuta kwa mikono miwili, nikakigeuza kimwelekee.

"Sista, njoo usome hapa."

Akaja, akatoa miwani mfukoni, akasoma midomo ikicheza. Kiroboto alimaliza kusoma kabla yake. Nilimwona anamaliza, kwa sababu miguu yake iliacha kutikisika.

"Kwa hiyo..." Kiroboto akaanza.

"Kwa hiyo anapita," nikasema. "Nilikosea. Daftari langu lilikuwa na kipande cha zamani."

Sista akavua miwani. "Hii wamebadilisha lini?"

"Mwaka huu."

"Siku ile nilipokuja, kitabu chenyewe cha mwongozo ulikuwa nacho?"

"Kilikuwa hapa chini."

"Hukufungua."

"Sikufungua."

Nilingoja anitukane. Kwa kweli nilitaka anitukane, ningejua pa kuweka uso wangu. Lakini alitazama barua iliyokuwa kwenye printa, kisha akamtazama Kiroboto. Nje cherehani ya fundi ilikuwa inakwenda. Sote watatu tulijua desturi inavyotaka. Mtu mzima hupangusa miwani yake, akasema haidhuru, endelea na mtoto, Mungu atanifungulia mlango mwingine. Mimi nilikuwa nayasubiri maneno hayo, na nakiri nilikuwa nayaombea, maana angeyasema kosa langu lingepungua nusu.

"Mdogo wangu," Sista akasema, "nipishe hapo."

"Sista?"

"Kwenye kiti. Nipishe."

Kiroboto hakuondoka. "Lakini ulisema mwenyewe. Mbele ya wote. Ulisema niende mimi."

"Nilisema nikijua sina njia."

"Nimeshamwambia mama."

"Najua. Mimi sikumwambia mtu. Nilipotoka hapa siku ile nilikwenda nikawaambia nimebadili mawazo, nimechoka, vitabu viniache. Nilikuwa naona aibu kusema F."

"Watu watasema umeninyang'anya."

"Watakuwa wamesema kweli."

Binti akanitazama mimi, kana kwamba ninalo neno la kumsaidia. Akamrudia Sista, na sasa sauti ilikuwa imeanza kukatika. "Wewe ndiye mkubwa wetu, Sista. Wewe ndiye unayetuambia kila siku mkubwa ni jalala."

"Nimekuwa jalala miaka ishirini na moja," Sista akasema. "Limejaa."

Alisema bila kupandisha sauti, kwa namna ile ile ambayo nadhani humwambia mzazi asisukume kwanza. Kisha akachuchumaa mbele ya kiti, magoti yakalia, akamshika binti mikono yote miwili.

"Nisikilize. Wewe una miaka ishirini na sita. Una mwakani, una mwaka wa pili yake, una miaka kumi na minane ya kuja kukaa kwenye kiti hiki. Nami nitakuwa wa kwanza kusema zamu hii ni ya Kiroboto. Lakini mimi sina mwakani. Ningekuwa nao ningekupa."

Kiroboto akachomoa mikono yake. Akasimama, akatoka nje bila mkoba wake, akaenda kusimama kwenye banda la fundi akiwa ametupa mgongo.

Sista akainuka kwa kushika meza, akaketi. Nikafuta fomu yote, nikaanza upya. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Namba ya leseni, ambayo aliitaja kwa kichwa. Miaka kazini, ishirini na moja. Nilipofika ukurasa wa tatu nikaweka ndiyo, kisanduku kikafungika.

"Sista, nisamehe," nikasema.

"Jaza kwanza."

Nikajaza. Mwisho ikatokea: ombi lako limepokelewa. Aliisoma mara mbili, hakufurahi, wala sikuona akihuzunika. Aliniambia nichape barua nyingine, maneno yale yale, nibadili jina tu, na nimwachie Kiroboto nafasi ya sahihi chini, akikiri kwamba amekubali kujitoa. Wenzao wengine walikwisha kulikubali jina la Sista tangu mwanzo. Aliyepaswa kukubali upya alikuwa mmoja.

"Na asipotia sahihi?" nikauliza.

"Basi haiendi ya mtu yeyote. Siwezi kumlazimisha."

Saa saba na robo. Sista akaichukua barua na kalamu yangu, akatoka. Mimi nilibaki nyuma ya kaunta. Nilichukua mkasi, nikaukata ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, nikakibandika kipande mahali pake na kukisugua kwa dole gumba mpaka gundi ikatoka pembeni. Mikono ilihitaji kazi. Kupitia mlangoni nilikuwa nawaona wote wawili. Sista alisimama kando ya binti, barua mkononi, akamwacha ageuke mwenyewe. Fundi aliacha kushona, akaona hayamhusu, akaanza tena.

Kiroboto aligeuka baada ya muda mrefu. Aliichukua barua, akaisoma yote tangu tarehe hadi chini, ingawa maneno aliyajua. Kisha akaja nayo ndani, akaiweka juu ya kaunta yangu, akatia sahihi.

"Sijakusamehe, Sista," akasema akiwa bado ameinama.

"Najua."

"Nimesaini tu."

"Asante."

"Usiniambie asante." Akajifuta uso kwa kiganja, akachukua mkoba wake. Hakunitazama mimi hata kidogo, na mimi ndiye niliyestahili kutazamwa.

Sista akaitia barua ndani ya bahasha ya plastiki pamoja na vyeti vyake. Alipofika mlangoni akasimama, akaiangalia saa iliyobanwa kifuani chini ya beji.

"Zamu yetu saa nane," akasema. "Tuko wangapi leo?"

Kiroboto akafikiri, au akajifanya anafikiri.

"Wawili," akajibu. "Mimi na wewe. Na akina mama kumi na mmoja."

"Basi twende. Nipitie kwa metroni, wewe utangulie kuandaa vyombo."

"Kitanda cha nne jana alikuwa na presha."

"Huyo nitaanza naye mimi."

Wakavuka barabara wakifuatana, Sista mbele, Kiroboto hatua tatu nyuma yake, na mlinzi wa geti akawafungulia.